Askari ana pensheni, anayemwogesha ana nini?

UKISHUKA kwenye matatu mjini Kutus asubuhi, utakaribishwa na kelele za makanga wanaoita abiria wa Kerugoya, Embu na Nairobi. Kina mama wanapanga nyanya na ndizi, bodaboda zinapishana, na magunia ya mchele kutoka Mwea yanapakiwa kwenye malori. Lakini ukitulia kidogo, huenda ukamwona mama wa makamo akimshikilia mwanamume mwenye magongo ili ashuke garini bila kuanguka. Watu wanampisha mwanamume huyo. Mmoja anamwamkua, "Habari yako, afande." Yule mama aliyemshika mkono hakuna anayemwita chochote.

Huenda wewe msomaji unamjua mama huyo. Huenda ni shangazi yako au mama yako mdogo, au ni yule jirani wa nyumbani ambaye humwona tu Krismasi unapotoka Umoja, Githurai au chuoni. Ukimuuliza hali, atakujibu kwamba ni njema, kisha akuulize habari za masomo. Hatakueleza kuwa hajalala usiku mzima tangu mumewe aliporudishwa kutoka vitani.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo tukikalie kitanda hicho kidogo, tuone mtu anayemtunza mwanajeshi aliyelemaa anapitia nini, na serikali inamsaidia wapi na kumwacha wapi.

SIKU YAKE INAANZA USIKU

Mtu aliyeumia uti wa mgongo hawezi kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ngozi ya mgongoni, kiunoni na visiginoni hukosa damu na kuanza kuoza. Vidonda hivyo huweza kuingia hadi mfupani na kuua. Kwa hiyo kuna mtu lazima aamke saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi za usiku. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mke. Mke asipokuwepo, ni mama mzazi aliye na umri wa miaka 60 au 70, au msichana aliyeacha shule.

Kunapopambazuka kuna kuogesha, kubadilisha nguo, kuangalia mpira wa mkojo, kulisha na kumwinua mgonjwa hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mwanamume wa kilo 80 akiinuliwa na mwanamke wa kilo 55 kila siku kwa miaka mitano, tusishangae mwanamke huyo naye akianza kutembea amejishika kiuno.

Hayo ni ya mwili. Yapo majeraha mengine yasiyoonekana. Mwanajeshi anaweza kurudi na mikono na miguu yake yote lakini akashtuka mlango unapogongwa, akakaa gizani, akafoka kwa jambo dogo au akazama katika pombe. Madaktari wanayafahamu haya kuwa maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe cha vita, nayo yana matibabu. Majirani hawaelewi hivyo. Wengine watasema mtu huyo amerogwa, wengine watasema mkewe hamjali. Mke ndiye anayebeba maradhi na lawama pamoja.

Tangu Kenya ilipoingiza majeshi Somalia Oktoba 2011, familia nyingi za nchi hii zimeionja habari hiyo. Tunakumbuka shambulio la El Adde la Januari 15, 2016 na lile la Kulbiyow la Januari 27, 2017. Tunawakumbuka waliokufa, na ni haki. Lakini kila vita huacha pia watu waliookoka wakiwa na viungo pungufu, na kila mmoja wao alirudi kwenye nyumba yenye watu.

KUTUS INAYAJUA HAYA TANGU ZAMANI

Usidhani jambo hili lilianza na Somalia. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kenya waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles walipelekwa Abyssinia na Burma. Waliorudi wakiwa wamelemaa walipokewa na mama zao na wake zao.

Kisha ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Wakati huo sehemu hii ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Kirinyaga ilifanywa wilaya mwaka 1963. Chini kidogo ya Kutus, kwenye tambarare za Mwea, serikali ya kikoloni ilijenga kambi za mahabusu. Mifereji ya mwanzo ya mashamba ya mpunga unaoyaona ukipita barabarani ilichimbwa na mahabusu hao. Waliotoka kambini wakiwa wamevunjwa mbavu au kupoteza nguvu za uzazi hawakupewa daktari wala mshauri. Walirudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mwanamke.

Mara nyingi mwanamke huyo naye alikuwa ameteswa. Jane Muthoni Mara, mmoja wa Wakenya walioishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, alieleza jinsi alivyoteswa akiwa msichana katika kambi ya Gatithi, hapa hapa Kirinyaga. Oktoba 2012 mahakama iliamua kwamba kesi yao ingeweza kusikizwa ingawa miaka mingi ilikuwa imepita. Juni 6, 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, pamoja na gharama za kesi. Kesi nyingine, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, haikufaulu. Mahakama hiyo iliitupa mwaka 2018.

Ona basi jinsi hesabu ilivyofanywa. Aliyepigwa na kuokoka hadi 2013, akapata wakili, alilipwa. Mkewe aliyemkanda kwa maji ya moto kwa miaka 50 hakuwa na fungu. Huenda alikuwa amekwisha kufa bila kuulizwa lolote.

KWENYE KARATASI YEYE NI MTEGEMEZI

Sasa tuje kwa serikali yetu. Je, haifanyi lolote? La, si kweli kwamba haifanyi.

Kwanza, mwanajeshi aliyetimiza masharti hulipwa pensheni, na anayeachishwa kazi kwa sababu ya majeraha hupimwa na jopo la madaktari wa jeshi kabla ya malipo yake kuamuliwa. Pili, mwaka 2014 ilipitishwa Sheria ya Mashujaa, na mwaka 2022 ikaja sheria maalum ya wanajeshi wastaafu. Sheria hiyo ya 2022 inamtambua mwanajeshi mstaafu na pia inawataja wategemezi wake.

Lisome tena neno hilo: wategemezi. Kwenye karatasi, mke wa askari aliyelemaa ni mtegemezi. Lakini ingia nyumbani mwao uone nani anamtegemea nani. Anayeogeshwa, anayelishwa na kugeuzwa kitandani ndiye anayeitwa mkuu wa nyumba, naye anayefanya kazi hiyo mchana na usiku ndiye anayeandikwa kuwa mzigo. Mtu akiitwa mtegemezi, hupewa kitu kwa huruma. Angeitwa mtunzaji, angelipwa kwa sababu anafanya kazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba serikali yetu inajua tofauti hiyo. Mwaka 2011 ilianzisha mpango wa kuzipa pesa familia zilizo na mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani anayehitaji mtu wa kumhudumia saa zote. Mpango huo uko chini ya Inua Jamii, na pesa zake hupokelewa na mtunzaji kwa niaba ya familia. Kwa maneno mengine, serikali imekubali kwamba katika nyumba kama hiyo kuna mtu aliyeacha kazi nyingine zote ili amhudumie mwenzake. Kiasi chake kwa miaka mingi kimekuwa Sh2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, utapata chini ya Sh70. Mgonjwa anayetumia nepi mbili kwa siku hatoshelezwi na pesa hizo, hata kabla ya sabuni na chakula.

Hata hivyo, kidogo hicho hakimfikii mke wa mwanajeshi. Mpango ulilenga familia maskini kabisa, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba pasiwe na mtu nyumbani anayepokea pensheni. Hapo ndipo mama wetu wa Kutus anapokwama. Akienda kwa watu wa huduma za jamii, anaulizwa kama mumewe hana pensheni. Akienda kwa watu wa pensheni, anaambiwa pensheni ni ya askari, si yake. Pensheni inamfungia mlango wa kwanza, na jina lake kutokuwepo kwenye pensheni kunamfungia wa pili.

Utasema, si pensheni inaingia nyumba hiyo hiyo? Ndiyo, inaingia. Lakini pensheni ni malipo ya kazi aliyoifanya askari alipokuwa mzima. Jirani yake aliyestaafu jeshini akiwa na afya hupokea pensheni pia, kisha mkewe anakwenda zake sokoni kuuza nyanya na kuongeza pato. Huyu wetu hawezi kwenda sokoni, maana akiondoka nani atamgeuza mgonjwa? Nyumba hiyo imepoteza mishahara miwili kwa jeraha moja.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini Mei 2010 ilianzisha mpango wa watunzaji wa wanajeshi waliolemaa. Mtunzaji aliyekubaliwa hulipwa posho kila mwezi kwa jina lake mwenyewe. Hufundishwa kazi ya uuguzi wa nyumbani, hupewa bima ya matibabu ikiwa hana, huonana na mshauri, na hupata angalau siku 30 kwa mwaka za kupumzika huku mtu mwingine akishika zamu.

Usije ukafikiri kwamba huko mambo yalikuwa rahisi. Mpango huo ulipoanza, posho ilitolewa tu kwa familia za walioumia kuanzia Septemba 11, 2001. Wake wa waliopigana Vietnam, ambao walikuwa wametunza waume zao kwa miaka 40, waliachwa nje. Walilalamika, wakashinikiza, na mlango ukafunguliwa kwa wazee hao Oktoba 2020, kisha kwa wanajeshi wa vipindi vyote Oktoba 2022.

Utasema Marekani ni tajiri. Basi tuje Afrika. Nchini Afrika Kusini, mtu anayepokea msaada wa serikali kwa ajili ya uzee, ulemavu au kwa kuwa alipigana vita vikuu vya zamani, akihitaji mtu wa kumhudumia saa zote, huongezewa malipo mengine juu ya yale anayopata. Nchini mwetu kupata malipo ya kwanza hukunyima ya pili, ilhali kwao ya kwanza ndiyo yanayofungulia ya pili. Tofauti hiyo haitokani na utajiri, ila jinsi kanuni ilivyoandikwa. Kanuni huandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya.

Katiba yetu ya 2010 haina kizuizi. Ibara ya 43 inaitaka serikali kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ibara ya 57, kuhusu wazee, inasema wana haki ya kutunzwa na kusaidiwa na jamaa zao pamoja na serikali. Sentensi hiyo inataja pande mbili, nasi tumeachia upande mmoja ubebe.

UFANYE NINI SASA?

Sheria hubadilika polepole, na mgonjwa atageuzwa usiku wa leo. Kwa hiyo, kama unao mtu wa aina hii kwenu, yapo mambo unayoweza kuanza nayo, hasa wewe mwanafunzi unayejua kusoma fomu na kutumia simu.

Kusanya stakabadhi zote ndani ya faili moja: cheti cha kuachishwa jeshi, nambari ya utumishi, ripoti ya jopo la madaktari, karatasi za pensheni, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Toa nakala, uziweke nyumba nyingine. Familia nyingi hukwama kwa sababu karatasi moja ilinyeshewa.

Hakikisha mgonjwa amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Atahitaji kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Usajili huo ndio mlango wa kuomba kiti cha magurudumu na vifaa vingine, na pia wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato.

Kama mgonjwa hana pensheni yoyote, kwa mfano aliachishwa kazi kabla ya kutimiza masharti, usikubali mama akae nyumbani kwa kudhani kwamba mwanajeshi hawezi kupata Inua Jamii. Mpeleke kwa chifu na kwa ofisa wa huduma za jamii, jina liandikwe. Kutus ndiko makao makuu ya Kaunti ya Kirinyaga, kwa hivyo ofisi nyingi hazihitaji nauli ya Nairobi.

Mwulizie mzee habari za DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu. Wastaafu wenzake wanajua njia ambazo raia hazijui, na mara nyingi mwanajeshi mwenye kiwewe humsikiliza mwanajeshi mwenzake kabla hajamsikiliza daktari.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Uliza wa kijiji chenu ni nani, aje nyumbani. Mwombe amwonyeshe mama jinsi ya kumwinua mgonjwa kwa kukunja magoti badala ya kukunja mgongo, na jinsi ya kuvitambua vidonda ngozi inapoanza tu kubadilika rangi. Halafu usisahau kwamba mtunzaji naye anahitaji kupimwa shinikizo la damu. Anampeleka mwenzake kliniki kila mwezi, yeye mwenyewe haingii kwa daktari.

La mwisho ndilo rahisi kuliko yote, nalo ndilo tunaloliepuka. Ukienda nyumbani likizo, usiende kama mgeni. Mwambie mama, "Leo usiku nitamgeuza mimi." Kaka, usiseme hiyo ni kazi ya wanawake, aliyeumia ni mwanamume, na kumwinua kunahitaji nguvu zako. Usiku mmoja wa usingizi hautamaliza shida yake, lakini utajifunza katika usiku huo mambo ambayo hakuna barua ya kwa mhariri inayoweza kukufundisha. Baada ya hapo, mwulize mbunge wako anapokuja kuomba kura kwa nini pensheni ya mgonjwa inahesabiwa kama mshahara wa anayemtunza. Utauliza ukijua unachokisema.

SANAMU YA UHURU PARK

Ukipata nafasi, nenda Uhuru Park jijini Nairobi, utazame sanamu iliyozinduliwa Septemba 12, 2015 kuwakumbuka walioteswa wakati wa ukoloni, iliyogharimiwa na serikali ya Uingereza. Wengi hupiga picha mbele yake kisha wakaenda zao. Wewe itazame vizuri. Mpiganaji wa msituni hayuko peke yake. Yupo mwanamke anayempa chakula, na wawili hao hawatazamani, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake.

Waliochonga sanamu hiyo walijua jambo ambalo kanuni zetu za malipo bado hazijalijua: kwamba mpiganaji alisimama kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumlisha. Mtu huyo bado yuko Kutus. Asubuhi hii ameshuka kwenye matatu akiwa amemshika mkono mumewe, wanakwenda hospitali ya Kerugoya kubadilisha mpira. Ukimwona, mwamkue kwanza yeye.